Gari lililo juu ya mawe linahitaji paa kabla ya fundi

Watu wakisema gari liko "juu ya mawe", wanamaanisha limekwisha kazi. Matairi yametolewa, pengine yameshauzwa, na mwili wa gari umekalishwa juu ya matofali manne kusubiri siku ambayo mwenyewe atapata fedha. Msemo huo umetoka gereji ukaingia mitaani, na siku hizi hata aliyeishiwa husema yuko juu ya mawe. Lakini fundi anayeijua kutu atasema neno ambalo wengi hawalitarajii: kati ya yote ambayo gari lile limetendewa, kukalishwa juu ya mawe ndilo jambo pekee la maana. Mawe yamelitenga na udongo wenye unyevu, yamelinusuru na majani yanayooza chini ya matairi. Kilichokosekana ni paa.

Swali la kama magari haya yanastahili kuokolewa huulizwa mara nyingi katika gereji za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, na mara nyingi huulizwa kwa kuanzia mwisho. Mwenye gari huanza na rangi: itapatikana wapi ile rangi ya maziwa aliyoizoea tangu utotoni? Kisha injini, kisha viti. Akitajiwa jumla ya gharama hushika kichwa, hurudi nyumbani, na gari hubaki nje kwa masika nyingine. Swali la kwanza lilipaswa kuwa jingine kabisa. Mvua ikinyesha usiku wa leo, maji yatapita wapi? Kulikinga gari na kulitengeneza ni maamuzi mawili tofauti, na la kwanza halina sababu ya kulisubiri la pili.

Na magari ya kukinga yapo. Peugeot 404 chini ya mwembe, majani yameziba matundu yote ya kupitishia maji. Land Rover 109 nyuma ya ghala la misheni, nyasi zimefika usawa wa milango. Volkswagen iliyogeuzwa kiota cha kuku, kuku wamelalia kiti cha nyuma kwa miaka. Kila mmoja anayesoma haya anajua angalau moja, na pengine anajua hata jina la mzee aliyelinunua likiwa jipya.

Mfano unaoonyesha vizuri zaidi kazi ya paa uko magharibi mwa Ufaransa. Roger Baillon alikuwa mfanyabiashara wa usafirishaji kwa malori. Kuanzia miaka ya 1950 alikusanya magari ya fahari, mengi yakiwa yametengenezwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, akiwa na ndoto ya kufungua makumbusho. Miaka ya 1970 biashara ikayumba, baadhi ya magari yakauzwa, na yaliyobaki yakasahaulika shambani kwake. Mwaka 2014 warithi waliita watu wa nyumba ya mnada ya Artcurial waje kuyatazama. Wageni hao walikuta vibanda hafifu vya mabati vilivyo wazi pembeni, mitambaazi imeingia madirishani, mengine yamezama ardhini hadi kwenye ekseli. Bodi zilizofinyangwa kwa mikono na mafundi bingwa wa Paris zilikuwa zimebaki kama kitambaa kilicholiwa na mchwa.

Lakini ndani ya gereji iliyofungwa, chini ya marundo ya magazeti ya zamani, ilikuwamo Ferrari 250 GT California Spider ya mwaka 1961. Vumbi lilikuwa limeifunika, ila chuma chake kilikuwa kizima. Mnadani Paris, tarehe 6 Februari 2015, gari hilo lilinunuliwa kwa euro milioni 16.3. Magari yote 59 yaliingiza jumla ya takribani euro milioni 25.

Hesabu hiyo inafaa kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu habari za namna hii ndizo zinazowapa watu matumaini ya uongo. Gari moja lilichukua karibu theluthi mbili ya fedha zote. Mengine 58 yaligawana kilichobaki. Isitoshe, Ferrari ile ni ya aina adimu, iliyotengenezwa kwa idadi ndogo sana, na picha zake akiwa nayo mwigizaji Alain Delon zilijulikana tangu zamani. Ingepata bei kubwa hata kama ingekuwa imechakaa. Peugeot 504 ziliundwa zaidi ya milioni 3 na Volkswagen za umbo la kobe zaidi ya milioni 21 hadi kiwanda cha Puebla, Mexico, kilipotoa ya mwisho mwaka 2003. Anayeiacha 504 ya baba yake nje kwa matumaini kwamba kuzeeka kutaipandisha bei anajidanganya. Kinachopanda humo ni kutu.

Somo la shamba la Baillon liko kwingine. Magari ya mtu mmoja, katika shamba moja, yalipita katika baridi na mvua zile zile kwa miongo ile ile. Yaliyokuwa mahali pakavu yalibaki magari, na yaliyoguswa na udongo na ukungu yakawa mabaki.

Nebraska nchini Marekani ilionyesha jambo hilo hilo kwa magari ya watu wa kawaida. Katika mji mdogo wa Pierce, Ray Lambrecht aliuza Chevrolet kwa nusu karne. Yaliyokosa wateja aliyaweka, na hata yaliyorudishwa na wateja waliobadilisha kwa jipya aliyaweka pia. Mnada ulipofanyika Septemba 2013 kulikuwa na takribani magari 500. Mengi yalikuwa yamesimama uwanjani, miti imeota katikati ya bampa na boneti. Ndani ya duka kulikuwa na Chevrolet Cameo ya mwaka 1958 iliyokuwa imetembea maili 1.3 tu, kama kilomita mbili. Ilifika dola 140,000. Kuna magari yaliyowekwa nje pale yakiwa karibu mapya vilevile, na umbali mdogo uliosomeka kwenye dashibodi haukuyasaidia kitu. Gari haliharibiwi na safari peke yake. Kusimama nje kunaweza kulimaliza haraka kuliko barabara ya changarawe.

Hata hivyo kuna namna ya kulifunika gari ambayo ni mbaya kuliko kuliacha wazi, na hapo hadithi ya Tulsa, Oklahoma, inapaswa kusimuliwa kwa kila mwenye turubai. Tarehe 15 Juni 1957 wakazi wa mji huo walizika Plymouth Belvedere mpya ndani ya chumba cha zege chini ya ardhi, kama zawadi kwa wajukuu zao. Waliipaka mafuta ya kuzuia kutu, wakaifunga kwa plastiki, wakaweka pembeni galoni 10 za petroli wakihofia kwamba miaka 50 baadaye petroli huenda isiwepo. Tarehe 15 Juni 2007 gari lilitolewa mbele ya umati. Maji yalikuwa yameingia na kukaa humo kwa muda usiojulikana, na gari lilitoka likiwa donge la rangi ya tope, springi zimekatika, viti vimeyeyuka. Lilisafishwa kwa subira kubwa, na baadaye likapelekwa kwenye makumbusho ya Roscoe, Illinois. Halitaendeshwa tena.

Turubai lililokazwa kwa kamba juu ya gari katika ua wa Mombasa au Tanga hufanya kazi ile ile ya chumba cha Tulsa, polepole. Mchana jua hupasha hewa iliyofungiwa ndani. Usiku hewa hiyo hupoa na kuacha matone juu ya bati, na kesho yake mvuke hauna pa kutokea. Upepo wa kusi ukianza, turubai husugua rangi hadi kwenye chuma. Chumvi ya bahari nayo huyafanya maji yasafirishe umeme kwa urahisi zaidi, na kutu kwa asili yake ni tendo la umeme: ndiyo maana gari la pwani huoza haraka kuliko lile la Dodoma lenye umri sawa. Kinachotakiwa ni nguzo nne, mabati juu, pembeni wazi upepo upite, sakafu ya zege au angalau changarawe, na gari likiwa juu ya mawe yake. Matundu ya chini ya milango yazibuliwe, betri itolewe, na madirisha yaachwe na nafasi ya kidole ili hewa izunguke. Panya na nyigu watakuja, hao wataondolewa. Kutu ikishaingia haiondoki kwa kufukuzwa.

Baada ya paa, na gari likiwa limekauka, ndipo ukaguzi wa haki unapowezekana. Hapa macho hudanganya, na Land Rover ndiyo hudanganya kuliko yote.

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa bado inajikwamua baada ya vita, chuma kilitolewa kwa mgao, na kampuni ya Rover ikaamua bodi itengenezwe kwa aloi ya alumini. Uamuzi huo wa shida ndio uliofanya Land Rover za zamani zionekane imara hata baada ya nusu karne ya mvua: alumini haishiki kutu nyekundu. Lakini chesisi yake ni ya chuma, tena chuma kilichoundwa kama boksi refu lenye uwazi ndani. Maji na tope vikiingia humo havionekani, na kuta za boksi huliwa kutoka ndani kwenda nje. Mnunuzi huona milango iliyonyooka na boneti isiyo na tundu, akatoa fedha, kumbe boriti ya nyuma inayobeba springi imebaki unene wa karatasi ya sanduku.

Fundi mzoefu hatazami bodi hata kidogo. Hulala chini na nyundo ndogo, akagonga chesisi kutoka mbele hadi nyuma, akisikiliza. Chuma kizima hulia; chuma kilichooza hutoa sauti ya boga. Panapolia vibaya huchomeka bisibisi, na bisibisi ikipita hana haja ya kuendelea kubishana. Uzuri ni kwamba kwa Land Rover hata hukumu hiyo si ya mwisho, kwa kuwa Uingereza bado zinatengenezwa chesisi mpya zilizochovywa zinki, na bodi hufunguliwa kwa bolti kipande kwa kipande. Ubaya ni bei ya chesisi hiyo pamoja na nauli na ushuru hadi bandarini. Gari linalobeba historia ya familia au ya kazi fulani linaweza kuistahili gharama hiyo. La kununua barabarani kwa mtu asiyejulikana, mara chache.

Peugeot 504, ile iliyoitwa Pijo na kila mtu kuanzia Bamako hadi Bujumbura, ina maumbile tofauti. Ilitoka mwaka 1968 kwa mchoro wa Pininfarina na ikachaguliwa kuwa Gari la Mwaka la Ulaya mwaka 1969. Kenya iliendelea kuiunganisha hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, muda mrefu baada ya Ufaransa kuachana nayo. Haina chesisi ya pekee. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Kwa hiyo sakafu ikitoboka, au mabati yanayoshika vichwa vya shokapu za mbele yakianza kuachana, gari limevunjika uti wa mgongo hata kama rangi inang'aa.

Lakini injini yake huwatisha watu bure. Gari likikaa miaka 10 bila kuwashwa, pistoni hushikamana na silinda, na mwenyewe huambiwa injini imekufa. Injini za petroli za 404 na 504 zilitengenezwa na slivu zinazochomolewa: fundi hutoa slivu na pistoni zilizokwama, huweka seti mpya, na bloku ile ile huendelea na maisha. Kirinyaga Road mjini Nairobi na Gerezani mjini Dar es Salaam bado kuna watu walioifanya kazi hiyo mara nyingi kiasi kwamba mikono yao haisubiri maelekezo. Kwa maneno mengine, injini iliyokwama ndani ya bodi nzima ni gari. Injini inayonguruma ndani ya bodi iliyooza ni kipuri kinachojiendesha.

Kwa Volkswagen ya umbo la kobe, kiti cha nyuma kinyanyuliwe. Betri hukaa chini yake upande wa kulia, asidi na maji humwagikia hapo, na sakafu huanza kuliwa mahali hapo kabla ya pengine popote.

Mengine yanayotajwa kama maafa ni kazi ya kawaida. Petroli iliyokaa miaka huwa gundi kwenye tangi na kabureta, husafishwa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa na kuzisababishia kutu silinda ndogo za magurudumu. Hubadilishwa, na hazipaswi kuaminiwa kabla ya kubadilishwa hata kama pedali inaonekana ngumu. Raba zote, kuanzia bomba za rejeta hadi bushi, zihesabiwe zimekwisha. Gharama kubwa haipo huko. Ipo kwenye siku za fundi wa kunyoosha na kuchomelea, na kwa sababu hiyo bodi ndiyo inayoamua. Apewe muda akate bati bovu na kuunda jipya. Anayejaza tundu kwa fila na kupiga rangi juu yake amelirudisha gari juu ya mawe kwa mzunguko wa miaka miwili, na amemlipisha mwenyewe kwa huduma hiyo.

Lakini magari mengi yanayooza Afrika Mashariki hayakuachwa kwa sababu ya bodi wala injini. Yaliachwa kwa sababu mwenyewe alifariki.

Kadi ya gari imebaki kwa jina la marehemu. Watoto ni sita, wawili wako nje ya nchi, mmoja anataka liuzwe, mmoja anasema baba aliapa halitauzwa, na hakuna aliyekwenda mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi kwa ajili ya gari ambalo haliwaki. Kila mmoja anaogopa kuonekana ndiye aliyelitupa gari la mzee. Basi hakuna anayeligusa, na huko kutoligusa kwa heshima ndiko kunakolimaliza. Familia zilizofanya vizuri katika hili zilifanya jambo dogo: zilikubaliana gari lihamishwe chini ya paa bila kuamua lolote kuhusu umiliki, na kadi ikatafutwa kabla ya funguo. Gari lisilo na kadi, hata likitengenezwa kwa ustadi wa aina gani, litakuwa pambo la ua.

Tanzania ilikuwa na sababu nyingine ya watu kuyaficha magari mabovu. Ada ya mwaka ya leseni ya magari iliendelea kuhesabiwa, na aliyetaka kulifufua gari la marehemu alikuta deni la miaka mingi likimsubiri. Bajeti ya mwaka 2017/18 ilifuta ada hiyo, ikasamehe malimbikizo, na kuihamishia gharama kwenye ushuru wa mafuta. Lilikuwa jambo jema kwa magari ya zamani. Inasikitisha kuona magari yaliyofichwa kwa hofu ya deni lile bado yakiwa pale pale, huku deni lenyewe likiwa limeshafutwa.

Sheria nyingine inayafanya yale yaliyopo yawe na uzito zaidi. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8. Tanzania hutoza ushuru wa uchakavu unaopanda kadiri gari linavyozeeka. Sababu za kanuni hizo zinaeleweka: hakuna nchi inayotaka kuwa jaa la magari ya wengine. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba hazina ya magari ya miaka ya 1950, 1960 na 1970 katika eneo hili ni ile iliyokwishafika zamani. Linaloyeyuka leo halina mbadala utakaoshuka melini kesho.

Na hazina hiyo ina historia yake, isiyo ya kuazima. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968 mvua na tope viliacha magari saba tu yakifika mwisho, na mara zote mbili la kwanza lilikuwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki. Kati ya miaka hiyo, 1966 na 1967, ushindi ulikwenda kwa Bert Shankland aliyetoka Dar es Salaam, naye akiwa ndani ya 404. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Watu waliosimama kandokando ya barabara wakipigwa tope na magari hayo walinunua ya aina hiyo hiyo walipopata fedha, kwa sababu waliyaona yakivuka mito. Ndiyo maana 404 ikawa gari la mwalimu mkuu, la mganga wa wilaya na la teksi ya masafa. Gari lile chini ya mwembe si lile la Shankland. Ila lilinunuliwa kwa ajili yake.

Shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, FIVA, hulihesabu gari kuwa la kihistoria likiwa na angalau miaka 30, likihifadhiwa katika hali sahihi ya asili yake, na lisipotumika kwa safari za kila siku. Kwa kipimo hicho cha umri, nyua za Afrika Mashariki zimejaa historia. Kuna majukwaa pia. Nairobi, katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, mashindano ya Concours d'Elegance yaliyoanza mwaka 1970 huwaleta majaji wanaochungulia hadi chini ya gari kutafuta tope na kutu. Mbio za Safari za magari ya zamani zimekuwa zikiendeshwa tangu 2003. Arusha, Oktoba 2024, tamasha la Land Rover liliujaza mji, mpya na za zamani zikifuatana.

Wako wanaosema nchi zenye uhaba wa madawati hazina nafasi ya kubembeleza mabati ya wakoloni na matajiri wa zamani. Hoja hiyo ina haki ya kusikilizwa, na ingekuwa na nguvu kama fedha za umma ndizo zinazoombwa. Haziombwi. Paa la mabati ni gharama ya familia. Kinachopotea bila paa hilo si chuma peke yake. Fundi anayeweza kufinyanga bawa la gari kwa nyundo na mfuko wa mchanga, au kurekebisha kabureta kwa kusikiliza, hana mwanafunzi asipokuwa na gari la kumfundishia, na magari mapya hayamfundishi hayo. Ufundi huo unaondoka na wazee wake, na unaondoka haraka kuliko magari.

Hoja yenye nguvu zaidi dhidi ya kuhifadhi kila mzoga inatoka Uswisi. Kaufdorf, karibu na Bern, kulikuwa na uwanja wa magari ya zamani yaliyoachwa mamia kwa mamia hadi miti ikayakumbatia. Wapiga picha waliupenda, na wako waliotaka ulindwe kama urithi. Mamlaka ziliangalia udongo: mafuta, asidi za betri, risasi. Ziliamuru uondolewe, na mwaka 2009 magari yakapigwa mnada. Uamuzi ule ulikuwa sahihi. Gari linalovuja mita chache kutoka kisima cha nyumba si kumbukumbu ya babu, ni sumu kwa wajukuu zake. Mafuta yote yamwagwe kwenye chombo na betri ziondolewe siku ya kwanza, hata kabla ya nguzo za paa kusimama.

Kwa hiyo yapo ya kuachwa. 504 iliyopoteza sakafu na vichwa vya shokapu, isiyo na kadi wala hadithi ya pekee, haina sababu ya kumfilisi mtu. Kosa ni kuiuza nzima kwa kilo. Lori la chuma chakavu likifika, nembo ya simba, vioo, taa za nyuma na usukani huenda pamoja na bati bovu, na wiki chache baadaye vyote vimeyeyushwa kuwa nondo. Siku mbili za fundi na boksi la spana zingetosha kuvitenga: milango yenye kufuli na funguo zake, dashibodi, gia ya kwenye usukani, fremu za viti, bloku yenye slivu, gia boksi, difu. Kwanza kitolewe kioo cha mbele, kwa kuwa ndicho hupasuka mapema watoto wakianza kucheza. Kioo cha 404 kilichotoka kwenye mzoga wa Tanga kitaingia bila kukatwa kwenye 404 inayofufuliwa Nyeri, na ni raba yake tu itakayohitaji kununuliwa mpya.